Kabla ya kulaumu gesi, pima uzito wa plastiki

Msomaji wa Uyole, Mbeya, anajaribu kutengeneza plastiki ya povu: kipande kinashibishwa kaboni dayoksaidi kwa presha ndani ya chombo, kisha kinazamishwa kwenye maji ya moto ili gesi ikivimbishe kwa viputo. Ametuma picha ya kipande alichokikata katikati. Nje pande zote mbili kimevimba na kuwa cheupe kama maziwa, lakini ndani umebaki mstari mgumu unaong'aa kama kioo. Anauliza kama ameuziwa kaboni dayoksaidi mbovu. Gesi yake haina kosa. Kaboni dayoksaidi inachimbwa hapa hapa Rungwe na viwanda vya vinywaji vinaitumia, kwa hiyo sisi wa nyanda za juu hatuna sababu ya kuilalamikia. Kilichokosekana ni muda.

Gesi haijazwi ndani ya plastiki kama upepo kwenye tairi. Inapenya taratibu kutoka usoni kwenda katikati, na muda huo unakua kwa mraba wa unene: unene ukiongezeka mara mbili, muda unakuwa mara nne. Ganda la CD, ambalo ni polistirini ya unene wa karibu milimita 1, lipe saa 24 kwa kuanzia, kwenye presha ya bar 50 hivi na joto la kawaida la chumba. Karatasi ya milimita 2 ya plastiki hiyo hiyo inataka siku nne. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu hakuna cha kutazama, kisha wanahangaika na moto na maji.

Nunua mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Pima kipande kabla ya kukiingiza, kipime tena mara tu unapokitoa. Fanya majaribio ya saa 8, 16, 24 na 36 kwa vipande vinavyolingana. Uzito ukiacha kuongezeka, kipande kimeshiba. Polistirini ya gramu 10 iliyoshiba kwa presha hiyo hubeba karibu gramu 1 ya gesi. Asiyepima uzito anabahatisha.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Mtungi wenye gesi iliyo kimiminika unatoa presha kulingana na joto lake: nyuzi 20 ni bar 57, nyuzi 10 ni bar 45 tu. Baridi hiyo hiyo inachelewesha gesi kupenya. Vipimo vya Machi havitakusaidia Julai. Weka chombo cha kushibishia ndani ya maji ya nyuzi 25, na kiwe na joto kuliko mtungi, kisije kikajaa kimiminika. Mtungi wenyewe usiupashe moto kamwe, wala jiko la mkaa lisisogee karibu nao.

Sasa chombo. Kuna wanaotaka kutumia mtungi wa gesi ya kupikia, na hapa naomba nisikilizwe. Mtungi huo hupimwa uimara kwa takriban bar 30. Ukiuunganisha na bar 57 umetengeneza bomu. Bomba la maji la dukani nalo halifai, na tangi la kompresa ya tairi halifai. Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono, la kazi ya presha, fundi wa kukereza akutengenezee kifuniko cha boliti, weka vali ya usalama na geji, kisha chombo kijaribiwe kwa maji, si kwa gesi, hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia kifuniko, hunywa gesi kama plastiki inavyokunywa, na ukifungua haraka inavimba na kupasuka. Kuwa na za akiba. Fanyia kazi mahali penye upepo, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Chumba chenye shimo au ngazi za kushuka usikitumie.

Ukiachia presha, vaa glavu: vali inaweza kuziba kwa barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Ikiziba subiri, usiigonge. Toa kipande, kipime, na ndani ya dakika chache kizamishe kwenye maji ya moto, kwa kuwa gesi inaanza kutoka papo hapo. Polistirini safi hulainika karibu nyuzi 100, lakini iliyoshiba gesi hulainika chini sana ya hapo, ndiyo maana maji yanatosha hata Mbeya mjini yanakochemka karibu nyuzi 94. Anza na nyuzi 80, sekunde 30, ukikibana kati ya nyavu mbili za chuma kisijikunje, halafu kitupe kwenye maji baridi.

Viputo vikubwa na vichache vinamaanisha gesi haikutosha. Malengelenge au kusinyaa ni joto lililozidi. Ngozi nyembamba isiyovimba pembeni ni gesi iliyotoroka ulipochelewa, na wakati mwingine ngozi hiyo inafaa kwa sababu inaongeza uimara. Ndoo za polipropilini ziacheni kwanza: sehemu zake zenye fuwele hazipokei gesi.

Ndugu yetu wa Uyole anasema karatasi yake ni milimita 2 na aliitoa baada ya saa 20. Airudie kwa saa 96, na atume uzito wa kabla na wa baada, si picha peke yake.