Kopepodi wa matumbawe hatafutwi kwa macho

Bamvua ya kwanza niliyokwenda kusaka kopepodi, vijidudu vya baharini, pale Jambiani, Zanzibar, nilipiga magoti kidimbwini saa nzima, lenzi mkononi, mbele ya jongoo bahari mmoja. Bi mkubwa aliyekuwa akichokoa pweza akasimama.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Natafuta wadudu wanaoishi juu ya huyu jongoo, bibi."

Akacheka, akaenda zake. Maji yalipoanza kujaa yeye alikuwa na pweza watatu, mimi mikono mitupu.

Kosa lilikuwa hilo la kutafuta. Kopepodi hawa, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, wengi wana milimita moja au mbili tu, na wanajua kung'ang'ania. Usiwakague, waoshe. Arthur Humes, Mmarekani aliyeeleza spishi mpya zaidi ya 700, alikusanya wengi Nosy Bé, Madagaska, miaka ya 1960, na njia yake haihitaji mtambo. Mfunike mnyama kwa mfuko wa plastiki angali chini ya maji, kila mnyama na mfuko wake. Ukifika juu tia alkoholi kidogo, asilimia tano hivi. Kopepodi wanalewa, wanaachia. Ngoja robo saa, tikisa kwa nguvu, chuja. Kitambaa cha nailoni cha wanaochapa fulana, chenye matundu ya kama sehemu ya kumi ya milimita, kinanitosha.

Sasa kosa langu la pili, ambalo lilinila miezi miwili. Maji ya kuoshea niliyachota ufukweni kwa ndoo, nikayatumia vilevile. Chini ya hadubini nikaona kopepodi wa aina moja kwenye sifongo, kwenye jongoo bahari na kwenye tumbawe laini. Nilishangilia! Mwalimu wangu akatazama dakika mbili, akasema, "Hawa umewachota na ndoo." Walikuwa wale wanaoelea baharini kila siku. Chuja maji yako kwanza, kisha osha "hewa": mfuko mmoja wenye maji na alkoholi, bila mnyama. Utakachokuta humo kitoe kwenye hesabu. Na ujue kwamba kopepodi wanaoishi juu ya wanyama wengine huwa wachaguzi wa nyumba. Ukimkuta huyo huyo kwenye sifongo na kwenye jongoo, mtilie shaka kabla ya kumpa jina.

Kuosha nako kuna mpaka. Wa jenasi ya Xarifia, iliyopewa jina la meli ya mpiga mbizi Hans Hass, Xarifa, wanaishi ndani kabisa ya polipu, vile vijinyama vinavyojenga matumbawe magumu, wembamba kama minyoo, miguu imebaki vijinundu. Hao waache kwenye alkoholi muda mrefu zaidi, la sivyo vunja tawi uwafuate ndani. Lakini kibali kwanza. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyatoa nje ya nchi bila hati ni kujitafutia kesi. Chumbe, kisiwa cha hifadhi ya matumbawe, usiifikirie hata kidogo. Ncha ya tawi yenye urefu wa kidole inatosha.

Lebo iandike kwa penseli, uitie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi. Mimi ninazo chupa tisa zisizo na kwao. Formalini, dawa nyingine ya kuhifadhia wanyama, iepuke kama unataka kupima DNA.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kipande cha ubao. Mwaka 1964 Humes na mwenzake Gooding walieleza jinsi ya kumtazama kopepodi bila kumbandika kiooni daima: ubao mwembamba wenye ukubwa wa kioo cha hadubini, tundu katikati, juu ya tundu kioo chembamba cha kufunikia, na chini yake linaning'inia tone la asidi ya laktiki lenye mnyama ndani. Asidi inamfanya apenyeze mwanga, unahesabu miiba ya miguu mmoja mmoja. Ukitaka kumgeuza, unageuza kioo, unamsukuma kwa sindano nyembamba, unarudisha. Fundi seremala alinitengenezea ishirini kwa mabaki ya mbao, akauliza ni vya mchezo gani. Tundu mwambie alipige msasa vizuri, unyuzi wa mbao ukiingia kwenye tone utadhani ni antena. Usiku ukikukuta katikati ya kazi, funika kwa kikombe ukalale. Asidi haikauki upesi. Asubuhi utamkuta pale pale.