Maswali ya Wasomaji: Kocha wa Chuo Kidogo Anapobisha Hodi

Barua tulizozichagua katika toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na zote zinahusu futiboli ya Kimarekani na namna vyuo vidogo vinavyosajili wachezaji kutoka shule za sekondari.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mama mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Columbus, Ohio. Mwanangu anamaliza sekondari, na katika timu ya shule yumo miongoni mwa wale wazito wa mstari wa mbele wanaomkinga mrushaji mpira. Mwezi Januari kocha msaidizi wa chuo kidogo cha binafsi, kilicho Daraja la Tatu, alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema ofa ya kijana iko tayari. Ndugu wameshatupongeza kwenye kundi la WhatsApp kwa kupata ufadhili. Sasa imefika barua ya chuo inayoonyesha kwamba tutadaiwa maelfu ya dola kila mwaka. Je, tumedanganywa? *Mama wa mchezaji, Columbus*

JIBU: Mama, hongera kwa kumfikisha kijana hapo. Hamjadanganywa, ila kilichotolewa sebuleni kwako ni nafasi katika kikosi, wala si fedha, na katika Daraja la Tatu vitu hivyo viwili vimetenganishwa kwa makusudi. NCAA, shirikisho kubwa la michezo ya vyuo vya Marekani, lilijigawa katika madaraja matatu mwaka 1973, na chuo cha Daraja la Tatu hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi hata dola moja kwa sababu ya mchezo wake. Kocha haruhusiwi kupanga na ofisi ya misaada ya fedha nani apewe kiasi gani, na vyuo hupeleka takwimu za misaada yao NCAA kila mwaka ili ikaguliwe kama wanamichezo wanapendelewa kuliko wanafunzi wengine.

Msomaji aliyezoea soka la kwetu asidhani kwamba hili ni daraja la timu zilizoshuka. Huku hakuna kupanda wala kushuka. Chuo huchagua daraja kwa kutazama mfuko wake na nafasi kinayotaka kuipa michezo. Jimboni mwenu, katika mji wa Alliance, kipo chuo cha Mount Union kilichotwaa ubingwa wa taifa wa Daraja la Tatu mara 13, na bado kimo humo humo.

Utauliza, kama kocha hana fedha za kutoa, kwa nini afunge safari katikati ya baridi ya Januari kuja kunywa chai kwako? Jibu liko katika hesabu za chuo chenyewe. Chuo kidogo cha binafsi huishi kwa ada. Kikiwa na wanafunzi 1,200, kikosi cha futiboli chenye vijana 120 ni sehemu ya kumi ya chuo kizima, na kila kijana, hata akipata punguzo kubwa, hulipa kitu fulani. Ndiyo maana katika vyuo vingi vya aina hii uongozi humwekea kocha idadi ya wachezaji wapya anaotakiwa kuwaleta kila mwaka. Mimi sioni ubaya katika hilo, mradi mzazi alijue kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kocha anayetakiwa kujaza viti atasajili vijana wengi kuliko watakaopata kucheza.

Sasa tuisome barua, na nitatumia mfano wenye tarakimu za kufikirika. Tuseme ada, malazi na chakula ni dola 58,000 kwa mwaka. Chini yake utaona ruzuku ya chuo, dola 31,000. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo kwa familia ya kipato cha chini hufikia dola 7,395. Mkopo wa mwanafunzi, dola 5,500. Na kazi za chuoni, dola 2,500. Barua itajumlisha vyote na kuandika kwa wino mzito kwamba "msaada" ni dola 46,395, hivyo mmebakiza dola 11,605 tu. Chukua kalamu ufute mistari miwili ya mwisho. Mkopo ni deni atakalolipa kijana, na fedha za kazi za chuoni hazipo mpaka aende kusimama jikoni au maktabani azifanyie kazi, saa ambazo mchezaji wa futiboli hana nyingi. Bei halisi katika mfano huu ni dola 19,605 kwa mwaka, na hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganisha na barua ya chuo kikuu cha umma cha jimbo lenu, ambacho huenda kikawa nafuu hata bila mpira.

Bei hiyo haijafungwa kwa kufuli. Iandikieni ofisi ya misaada ya fedha (ofisi, si kocha) mkiomba hesabu yenu itazamwe upya, na mweleze kwa vielelezo kile ambacho FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea misaada ya masomo, haikukiona: saa za kazi zilizopunguzwa, gharama za hospitali, fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi kumtunza bibi. Si kila ofisi itavizingatia vyote, lakini kisichotajwa hakizingatiwi kabisa. Kama chuo kingine cha aina hiyo hiyo kimewapa ruzuku kubwa zaidi, ambatanisheni barua yake.

Liko jambo moja ambalo makocha wa Daraja la Tatu wangepaswa kulisema mwanzo na mara nyingi hawalisemi. Kwa kuwa ruzuku ya mwanao haikutolewa kwa ajili ya mpira, haiwezi kuondolewa kwa ajili ya mpira. Akivunjika goti mwezi Agosti, au akiamua mwaka wa pili kwamba maabara ya kemia inamfaa kuliko uwanja, ruzuku inabaki mradi anatimiza masharti ya masomo. Kijana mwenye skolashipu ya michezo mara nyingi hana utulivu huo.

Kabla ya kuamua, fungua ukurasa wa timu katika tovuti ya chuo uhesabu majina. Ukikuta wachezaji 45 wa mwaka wa kwanza na 14 tu wa mwaka wa nne, muulize kocha, kwa upole lakini bila kuzunguka, wale wengine walikwenda wapi, na kama walioacha timu walibaki chuoni wakahitimu.

SWALI: Mhariri, kijana wangu ana nafasi katika chuo cha Daraja la Tatu hapa Minnesota, na chuo cha Daraja la Pili kimemwahidi sehemu ya skolashipu. Anasema akienda Daraja la Tatu, NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa, haitamwona. Mimi nahofia kichwa chake kuliko hiyo NFL. *Baba, St. Paul*

JIBU: Mzee wangu, hofu yako ina msingi kuliko ya kijana. Wapo waliopita njia hiyo: Pierre Garçon, mtoto wa familia ya wahamiaji kutoka Haiti, alitoka Mount Union akachaguliwa na timu ya Indianapolis Colts katika uteuzi wa NFL wa wachezaji wapya mwaka 2008, na Ali Marpet alitoka chuo cha Hobart mwaka 2015 akachaguliwa katika raundi ya pili na Tampa Bay. Hapo hapo jimboni kwenu alitoka Adam Thielen, aliyeanza katika Daraja la Pili pale Mankato kwa skolashipu ya dola 500. Watafuta vipaji wa NFL hufika kila mahali penye mchezaji wa kiwango hicho. Ila hadithi hizi zinakumbukwa kwa sababu ni chache, na kijana asichague chuo cha miaka minne kwa ajili yake.

Kuhusu ile sehemu ya skolashipu, ombeni tarakimu kwa maandishi. Timu ya Daraja la Pili inaruhusiwa kugawa thamani ya skolashipu kamili 36 kwa kikosi ambacho mara nyingi kina vijana zaidi ya 100, kwa hiyo wengi hupata kipande tu, na ruzuku ya kitaaluma ya chuo kingine inaweza kukizidi.

Kuhusu kichwa, waulize makocha wote wawili ni siku ngapi kwa wiki wachezaji wanaangushana mazoezini, na ni nani mwenye kauli ya mwisho mchezaji anapogongwa kichwa, kocha au mhudumu wa afya. Asikwambie mtu kwamba haiwezekani kushinda bila kuumizana mazoezini. John Gagliardi alifundisha chuo cha Saint John's, pale Collegeville jimboni kwenu, kuanzia 1953 hadi 2012, akapiga marufuku kuangushana katika mazoezi yake, na alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 489, wengi kuliko kocha mwingine yeyote katika historia ya futiboli ya vyuo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Niko darasa la 11, Houston. Nina klipu zangu Hudl, tovuti ya video za wachezaji, lakini hakuna kocha anayejibu. Kampuni moja inataka dola nyingi ili initangaze kwa vyuo. Nilipe? *Kijana wa Kikongo*

JIBU: Marahaba, kijana. Usilipe. Kocha wa chuo kidogo anasoma barua pepe aliyoandikiwa na mchezaji mwenyewe, na mara nyingi haifungui ile iliyotumwa na kampuni kwa vyuo mia kwa mpigo. Video iwe ya dakika tatu hivi, mchezo wako bora kabisa uwe wa kwanza, na weka alama juu yako kabla mpira haujaanza, maana kocha hana muda wa kukutafuta kati ya watu 22. Katika barua taja urefu, uzito, wastani wa alama zako na simu ya kocha wako wa shule, ambatanisha matokeo ya masomo, kisha umtumie kocha msaidizi anayeshughulikia eneo lenu. Jaza pia fomu ya wachezaji iliyo katika tovuti ya timu.

Ukimya wao usikuvunje moyo. Tangu mwaka 2021, mchezaji wa vyuo vikubwa anaweza kuhamia chuo kingine na kuanza kucheza papo hapo, bila kukaa nje msimu mzima kama zamani. Kwa sababu hiyo makocha wa juu huwachukua vijana wa miaka 21 waliokwishakomaa, na wengi ambao zamani wangesajiliwa moja kwa moja kutoka sekondari sasa wanaangukia vyuo vidogo. Anza kuviandikia hivyo mapema.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Bujumbura na ni kocha msaidizi katika chuo kidogo, Iowa. Ninapotembelea familia zinazozungumza Kiswahili, wazazi hunipokea kwa heshima, hunilisha, kisha hawapokei simu zangu. Ninakosea wapi? *Kocha msaidizi*

JIBU: Ndugu kocha, ulipokelewa kama mgeni, na mgeni haambiwi hapana mbele ya sahani. Huenda ulianza na uwanja, vyumba vya kubadilishia nguo na rekodi ya timu, ilhali mzazi alikuwa akingoja usikie anachokiogopa: deni, kuumia, na mtoto kurudi nyumbani bila cheti. Anza na kozi anayoitaka kijana, na ni wangapi kati ya wachezaji wako waliohitimu kozi hiyo. Taja bei kabla hujaulizwa. Kama shangazi au mjomba ndiye aliyesoma, omba awepo, kwa sababu uamuzi utapita kwake hata kama hukumwona.

Jiepushe pia na kusema "tutakusaidia" kwa Kiswahili kitamu, kwani kwa masikio yetu hiyo ni ahadi ya fedha ambayo daraja lako halikuruhusu kuitoa. Sema wazi kwamba kazi yako ni kusajili mchezaji tu, na kwamba bei inatoka ofisi nyingine.

Na barua ya ruzuku ikifika, asiwe kijana mwenyewe anayewatafsiria wazazi. Anautaka mpira, kwa hiyo atasoma mstari wa ruzuku kwa sauti na kuupita haraka mstari wa mkopo, na pengine hata yeye hajui tofauti yake. Omba ofisi ya misaada ipange simu yenye mkalimani, au keti nao wewe mstari kwa mstari, ukionyesha kwa kidole ni fedha zipi hazirudishwi na ni zipi ni deni. Ukiona barua imependekeza mkopo wa wazazi, simama hapo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu huo utaandikwa kwa jina la baba au mama, na atakayeulipa ni yeye, kijana acheze asicheze.