Kufyatua risasi ovyo: ni ukatili?

SWALI: Mtu amefyatua bunduki hewani akishangilia, risasi ikamjeruhi mpita njia. Je, ni sahihi kuandika kwamba amefanya ukatili?

JIBU: Kwa maelezo hayo peke yake, la. Ukatili huwa na mtendewa aliyekusudiwa, na Kiswahili huliweka jambo hilo ndani ya kitenzi. "Alifyatua risasi" haisemi risasi ilielekezwa kwa nani. "Alimfyatulia risasi" ina mlengwa tayari, kwa kiambishi -m- na kauli ya kutendea. Ndivyo ilivyo "alirusha panga" na "alimrushia panga". Basi andika: "Alifyatua risasi hewani, ikampata mpita njia." Ukiandika "alimpiga risasi mpita njia", msomaji ataelewa kwamba alikusudia.

Fasili ya Shirika la Afya Duniani ya 2002 nayo inataka nguvu itumike kwa kukusudia, ila inahesabu hata vitisho. Kwa hiyo aliyemwelekezea mwenzake bastola ili kumtisha amefanya ukatili, hata kama hakuna risasi iliyotoka.

Wanasheria nao hubishana juu ya maneno hayahaya. Mwaka 2021, katika kesi ya Borden, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipima sheria ya wahalifu sugu wenye silaha, inayotaja nguvu "dhidi ya" mtu mwingine, ikaamua kwamba kosa linaloweza kutendwa kwa kutojali tu haliingii humo. Lakini mwaka 2016, katika kesi ya Voisine, mahakama hiyohiyo ilikubali kutojali kwenye kifungu kuhusu ukatili wa nyumbani, kisicho na maneno hayo. Ukiripoti kesi, soma kifungu kwanza.

Sasa, tukio lako tuliiteje? Hata "uzembe" haulitoshi. Mzembe ni anayesafisha bunduki bila kukagua kama chemba ina risasi. Hatari haikumjia akilini. Anayefyatua juu ya umati anajua risasi iliyopanda itashuka, na anafyatua vilevile. Huko ni kutojali hatari kwa kujua, na ndivyo ningeandika. Kibaya kuliko vyote ni "kwa bahati mbaya", maana kinamwondoa mtendaji kwenye sentensi na kumwacha majeruhi na ajali isiyo na mwenyewe.

"Vurugu" ni suala jingine: ni kuvunjika kwa utulivu. Kama watu walikimbia wakikanyagana, neno hilo linafaa, awe alikusudia au hakukusudia.