Soma Chapa Kabla ya Kuulizia Bei: Ushauri kwa Anayekusanya Vyombo vya Kale vya Fedha

Hapa Kampala, mtu akionyeshwa kijiko cha kale cha fedha, swali lake la kwanza huwa ni uzito wake na shilingi ambazo sonara atatoa kwa kila gramu. Swali hilo lina haki yake, lakini limeyeyusha vyombo vingi ambavyo havitapatikana tena. Nimekuwa nikikusanya vijiko, uma, mabirika na masinia ya fedha kwa miaka mingi, na ninaloamini ni kwamba mkusanyaji hakusanyi madini, bali hukusanya kile kilichoandikwa juu ya madini: chapa za wapimaji, herufi za majina ya wenyewe, na alama zilizoachwa na mikono iliyokitumia chombo. Kijiko kikitiwa motoni, fedha yote hubaki. Kinachoteketea ni ushahidi wa mahali kilipotengenezwa, mwaka wake, fundi wake na nyumba iliyokitumia. Ushauri wangu wote, tangu wa kununua hadi wa kusafisha, unalenga kuulinda ushahidi huo.

Vyombo vingi vya mezani vya namna hii vilivyoko Uganda vililetwa na Waingereza baada ya nchi kuwekwa chini ya himaya yao mwaka 1894. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikawa inavushwa ziwani kwa meli hadi Entebbe na Port Bell, na ndani ya masanduku ya maofisa, wamishonari na wafanyabiashara mlikuwa na seti za visu na uma. Kwa hiyo anayeanza ajifunze kwanza chapa za Uingereza, kwa kuwa ndizo atakazokutana nazo mara nyingi, na pia kwa kuwa ni mfumo wa zamani uliopangwa vizuri kiasi kwamba mtu mwenye kioo cha kukuzia na subira anaweza kuujua mwaka wa kijiko bila kumuuliza yeyote.

Fedha tupu ni laini mno kwa matumizi ya mezani, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo, na kiwango cha Uingereza ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Chombo kilichopimwa na kuthibitishwa kuwa cha kiwango hicho nchini Uingereza hupigwa chapa ya simba anayetembea, mguu wake mmoja wa mbele ukiwa umeinuliwa. Chapa ya pili hutaja mji wa upimaji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield kwa vyombo vya kabla ya mwaka 1975, na ngome ni Edinburgh, ingawa Waskoti walikuwa na chapa zao za kiwango. Ya tatu ni herufi ya mwaka, na ya nne ni herufi za mwanzo za jina la fundi au la kampuni. Kati ya mwaka 1784 na 1890 iliongezwa chapa ya kichwa cha mfalme au malkia, kuonyesha kwamba ushuru wa serikali umelipwa.

Herufi ya mwaka ndiyo inayowatatiza wengi, kwa sababu haisomwi peke yake. London ilitumia herufi 20 kwa mzunguko, kisha ikaanza upya kwa mwandiko mwingine, kwa hiyo herufi A hurudi kila baada ya miaka 20. Tuseme umeshika kijiko chenye simba, kichwa cha chui kisicho na taji, kichwa cha Malkia Victoria na herufi A. Chui wa London alivuliwa taji mwaka 1821, kwa hiyo kijiko ni cha baada ya hapo. Herufi A ilitumika mwaka 1836, 1856, 1876 na 1896. Mwaka 1836 Victoria alikuwa bado hajatawala, na kufikia mwaka 1896 chapa ya ushuru ilikwisha kuondolewa, kwa hiyo inabaki miaka miwili tu. Hapo unatazama mwandiko: kama ni a ndogo yenye mikato ya maandishi ya kale, ni mwaka 1856, kama ni A kubwa ya kawaida, ni mwaka 1876. Mtu akiyafanya haya mara chache jicho lake huzoea, naye hataridhika tena kuambiwa na muuzaji kwamba chombo ni cha "enzi za wakoloni".

Sasa kuna fedha ya kuchovya, yaani chombo cha madini mengine kilichofunikwa utando wa fedha, na hii ndiyo iliyojaa sokoni. Mwaka 1743 fundi wa Sheffield aitwaye Thomas Boulsover aligundua kwamba bamba jembamba la fedha likiunganishwa na bamba la shaba kwa joto, hufuliwa kama kitu kimoja. Na kuanzia mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ikapata hataza ya kuchovya kwa umeme, njia iliyowafanya watu wa kipato cha kati nao kuwa na meza inayong'aa. Chapa EPNS maana yake ni kwamba chini ya utando wa fedha kuna mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, usio na fedha hata chembe. Jihadhari na vyombo ambavyo herufi hizo zimepigwa moja moja, kila moja ndani ya ngao yake, zikapangwa mstari mmoja na kufanana kabisa na chapa za wapimaji. Vilevile neno Sheffield lililoandikwa kwa herufi zote si chapa ya upimaji. Chapa ya mji huo ni taji. Sisemi vyombo vya kuchovya havifai, kwani kazi nzuri ya Elkington ya karne ya 19 ni ya kutunzwa kwa heshima yake yenyewe, ila inunuliwe kwa bei yake.

Chapa zikiwa zimefutika, usikimbilie tindikali ya sonara, ambayo huacha doa lisilotoka. Chukua mizani ndogo ya kidijitali inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima kijiko kikiwa kikavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga kijiko kwa uzi na ukining'inize ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, nawe uitumie kugawanya uzito wa kwanza. Kijiko cha gramu 62 kikisukuma gramu 6.0 za maji, jibu ni kama 10.3, nayo ni fedha ya 925. Kikisukuma gramu 7.1, jibu ni kama 8.7, na hapo umeshika nikeli na shaba. Njia hii haifai kwa visu na vyombo vyenye mipini iliyojazwa kitu ndani, lakini kwa vijiko na uma ni ya kuaminika. Sumaku haisaidii sana, maana mchanganyiko wa EPNS nao kwa kawaida haunaswi na sumaku.

Baada ya chapa, soma uchakavu. Kijiko kilichotumika miaka mingi hulika upande mmoja wa ncha, kwa sababu mwenye kutumia mkono wa kulia hukoroga na kukwangua kwa upande wa kushoto wa kijiko. Huo si ulemavu, ni sehemu ya maisha ya chombo. Kinachotakiwa kukutia shaka ni uma ambao meno yake yote ni mafupi na yamekatwa sawasawa kupita kiasi, kwani huenda yalilika yakapigwa tupa. Angalia pia mahali pa jina. Wanunuzi wa zamani walikuwa wakimwambia fundi afute herufi za mwenyewe wa kwanza, na baada ya kufutwa bamba hubaki jembamba: ukilipulizia pumzi, kivuli cha herufi zilizofutwa hujitokeza kwa muda mfupi, na ukilibonyeza kwa kidole gumba hulegea. Mimi humlipa vizuri zaidi mwenye kijiko chenye jina nisilolijua kuliko mwenye kijiko kilichofutwa kikawa cheupe.

Si kila fedha ya kweli ina chapa, na hapa mkusanyaji wa Afrika Mashariki anahitaji elimu ambayo vitabu vya Ulaya havimpi. Familia za Kihindi zilizofanya biashara Kampala na Jinja zilikuwa na sahani, bakuli na vikombe vya fedha kutoka Gujarat, na kazi ya Kutch hujulikana mara moja kwa maua na mizabibu iliyojaa kila pembe, ikiwa imeinuliwa kwa kufuliwa kutoka ndani. Kutoka pwani ilikuja mirashi ya kunyunyizia marashi na vyetezo vya udi. Hajati mmoja wa Bombo alinionyesha mrashi aliopewa siku ya ndoa yake, shingo yake ndefu ikiwa na mkunjo pale ulipowahi kuanguka. "Mwanangu, huu si wa kuuza, lakini keti uutazame," aliniambia. Nilipouliza kwa nini haukunyooshwa, alinijibu kwamba marehemu mama mkwe wake ndiye aliyeuangusha, na anapouona mkunjo huo humkumbuka. Mrashi huo hauna chapa hata moja. Habari zake zote amezibeba yeye, na vyombo vya namna hii hudai kwamba mnunuzi aulize, asikilize na kuandika siku ileile.

Kuuliza huko ni wajibu wa haki pia. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wengi siku 90 za kuondoka nchini, nao wakaacha majumba, maduka na vyombo vya ndani. Baadhi ya familia zilirudi miaka ya 1990 kudai mali zao. Ukikutana na sinia lenye jina la ukoo, mwulize muuzaji limemfikiaje, na akijibu kwa kuzungukazunguka, liache. Kuhusu vikombe na sahani za ibada sina mjadala: bila barua ya parokia au dayosisi sinunui, hata bei ikiwa ya kuvutia kiasi gani. Mahali pazuri pa kununulia ni minada ya vyombo vya nyumbani ya wageni wanaomaliza kazi zao, pamoja na familia zinazogawana urithi. Soko la Owino na maduka ya vyuma chakavu huwa na vitu vizuri mara mojamoja, lakini huko unashindana na tanuri, kwa hiyo muombe mwenye duka kwa upole akuwekee kila kijiko chenye mnyama mdogo nyuma ya mpini.

Bei niseme kwa kifupi. Ijue kwanza thamani ya madini: kijiko cha gramu 62 cha kiwango cha 925 kina takriban gramu 57.4 za fedha tupu, yaani kama wakia 1.84 za masonara, zenye gramu 31.1 kila moja. Usitegemee kununua chini ya hapo kwa mtu anayejua, na lolote unaloongeza juu yake liwe ni malipo ya chapa, fundi, umri na hali ya chombo.

Utunzaji ndio unaoniumiza moyo zaidi, kwa kuwa vyombo vingi huharibiwa na watu wanaovipenda. Fedha haishiki kutu kama chuma. Huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyoko hewani, katika mayai, katika sufu na katika mipira ya kufungia noti. Moshi wa jenereta na wa majiko nao huharakisha weusi huo. Tatizo ni namna tunavyouondoa. Majivu na mchanga vinavyong'arisha sufuria, steelwool, hata dawa ya meno, vyote hukwangua fedha, na kinacholika kwanza ni chapa na nakshi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba. Dawa maalumu ya kung'arishia fedha itumike kwa nadra, ukisugua kwa mstari ulionyooka na kuikwepa sehemu ya chapa. Ile njia ya karatasi ya alumini, magadi ya mikate na maji ya moto huondoa weusi bila kula fedha, lakini hutoa pia kivuli cha ndani ya nakshi kinachoifanya isomeke, kwa hiyo siitumii. Chumvi isibaki kamwe ndani ya bakuli lake usiku kucha, kwani hutoboa.

Kwa kuhifadhi, kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri bila dawa ya klorini inatosha kabisa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana hewa ya kandokando ya ziwa ni nzito. Usifunge kwa gazeti wala kwa nailoni. Visu vyenye mipini ya fedha vioshwe kwa mkono bila kulowekwa, kwani mpini huwa mtupu ndani na hujazwa ulimbo unaolegea kwa maji ya moto. Na kama ubapa wa kisu unashika kutu, furahi, kwa sababu huenda ni wa kabla ya chuma kisichoshika kutu, kilichoanza Sheffield kwa kazi ya Harry Brearley mwaka 1913. Ukihitaji kuunga kitu kilichovunjika, mafundi wa Katwe ni hodari wa chuma, lakini fedha ipelekwe kwa sonara, na umsisitizie asitumie madini ya risasi, kwa kuwa risasi huingia ndani ya fedha ikipashwa moto tena na kuila.

Mwisho, weka daftari. Kila chombo kiwe na ukurasa wake: uzito, picha ya chapa, mahali na mtu kilikotoka, na maneno ya huyo mtu kama alivyoyasema. Nakala ikae kwa ndugu unayemwamini, mbali na kabati la vyombo vyenyewe, ili warithi wako wakifika kwa sonara wajue ni nini wamekishika mkononi.