Je, «rambo» ni «lambo»?

SWALI: Nyumbani kwetu Tanzania mfuko mwepesi wa plastiki huitwa rambo. Rafiki yangu anashikilia kuwa asili yake ni lambo, yaani bwawa dogo, kwa sababu vyote viwili hukaa maji, na kwamba r imeingia kwa matamshi tu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli. Rambo huyo ni mhusika aliyevuma kupitia filamu ya 1982 iliyoigizwa na Sylvester Stallone. Picha yake ilichapwa kwenye mifuko, watu wakaiita kwa kile walichokiona, na jina likabaki hata ilipoenea mifuko myeusi isiyo na picha yoyote. Mifuko mingine iliitwa malboro kwa njia hiyohiyo, kutokana na nembo ya sigara. Anayeshikilia lambo atueleze basi malboro nayo ilitoka bwawa gani.

Hoja hii ya lambo huletwa kwangu mara nyingi mno, na kinachoniudhi ni kwamba hujengwa juu ya ukweli nusu. Ni kweli wasemaji wengi hubadilishana l na r, kwa kuwa lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo; lakini hilo linaonyesha tu jinsi neno linavyoweza kutamkwa, wala halithibitishi lilikotoka. Tazama pia wingi wake: lambo huwa malambo, ilhali kwa kawaida tunasema mfuko wa rambo, mifuko ya rambo, kama tunavyotaja kitu kwa jina la chapa yake.

Wanaotunga asili za maneno kwa kusikiliza mlio pekee hupotosha wanafunzi kila siku. Kwa mbinu yao, kitabu kingekuwa na ki- ya udogo mbele ya taabu, kumbe ni neno la Kiarabu, kitāb, ambalo Kiswahili kiliipa silabi yake ya kwanza kazi ya kiambishi, tukapata vitabu. Kabla ya kulinganisha sauti, uliza neno lilianza kusikika lini, kwa akina nani, na likitaja kitu gani hasa.

Kwa rambo, maswali hayo yana haraka, kwani Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019, na watoto wa sasa hulisikia jina bila kuuona mfuko wenye picha. Ukimpata mwenye duka wa miaka ile, mwulize mifuko yake ilichapwa nini, kisha uyaandike maneno yake.