Fundi anataka kupiga plasta wiki hii, nimruhusu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Kibirizi hapa Kigoma, maji yaliingia ndani mpaka magotini yakakaa siku kadhaa, sasa yametoka na jua linawaka kweli. Fundi wangu anasema ukuta ushakauka, tupige plasta na rangi kabla sementi haijapanda bei. Nimruhusu?

JIBU: Marhaba dada. Mwambie asubiri kwanza. Ukuta wa tofali za kuchoma unakauka juu juu, ukiugusa unaona poa kumbe ndani tofali limekunywa maji, sasa ukiziba na plasta mpya na rangi ya mafuta yale maji hayana pa kutokea, baada ya muda rangi inafura kama andazi na unga mweupe wa chumvi unaanza kutoka huku chini.

Upime hivi: chukua nailoni inayoonyesha, kama nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne hewa isipenye, iache mpaka kesho yake saa hizo hizo. Ukikuta majimaji upande wa ndani unaotazama ukuta basi bado. Na ubandike chini karibu na sakafu, maji ndo yanakaa huko, sio pale usawa wa kifua anapogusagusa fundi.

Kwa sasa plasta iliyovimba, au ukiigonga inalia tupu, ibandueni yote. Kabati na vitanda vikae mbali na ukuta. Mchana fungua madirisha yanayotazamana upepo wa ziwani upite, feni ielekeze nje dirishani itoe ule unyevu, ila usichomeke kitu kabla fundi umeme hajakagua soketi zilizoingia maji. Na hii tabia ya kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga mlango ati ukuta ukauke, jamani acheni, gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Godoro lililolowa litupe tu, najua linauma.

Halafu kama yalikuwa maji ya ziwa na sio mvua tu, Tanganyika huwa linafika juu kabisa karibu mwezi wa 5 mvua zikiwa zinaisha, kwa hiyo juu jua linawaka ila udongo chini ya nyumba bado umeshiba na ukuta unanyonya kila siku. Rudia nailoni kila wiki mpaka itoke kavu mara mbili mfululizo, hata ikifika mwezi wa 8 sawa tu, hapo ndo umwite fundi na mfuko wake wa sementi.