Tumbo la Mti na Mwenye Mimba

Newala

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jioni, nimetoka kuokota korosho. Unauliza kama ni kweli asemavyo mwenzako wa chuo, kwamba mwanamke wa huku kwetu alianza kujisemea jukwaani wasomi walipoandika tamthilia, na kabla ya hapo palikuwa na ngoma tu. Ngoma tu! Huyo hajakesha unyagoni.

Mimi nilimwona kungwi akimwigiza mume mlevi: mwendo, kikohozi, na kelele za kudai ugali wa unga asioununua. Tulicheka mpaka machozi, maana kila mmoja alijua ni mume wa nani. Lakini mlango ulifungwa, na mume mwenyewe hakusikia hata neno.

Kwenye mapiko, ngoma yetu ya vinyago, kijiji kizima kiko uwanjani, ila anayevaa kinyago ni mwanamume. Wazee wetu wa Kimakonde walichonga hata tumbo la mwanamke mjamzito, la mti, na matiti yake, mwanamume akajifunga akalicheza. Sisi wenye matumbo yenyewe tulikimbia, tumeambiwa yule si mtu. Ni sanaa kubwa, sibishi. Ila siku hizi nikiliona tumbo lile najiuliza kama kuna mzazi aliyeulizwa uchungu ukoje.

Kwa hiyo Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia, hakutupa sauti, tulikuwa nayo. Yeye aliufungua mlango. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982) wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, kila mmoja anavutwa na lake, na nguzo haisimami. Hakutupamba, nami nampendea hilo. Na safari hii wanaume wamo ukumbini.

Mwaka 1996 yeye na msomi mwenzake wa sanaa za maonyesho, Amandina Lihamba, wakaanzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari: wasichana wanachambua wenyewe kinachowakwamisha, wanakiigiza mbele ya walimu, kisha kinajadiliwa. Niliwahi kutazama igizo la namna hiyo. Binti amevaa shati la baba yake, ndiye mwalimu, anamtuma mwanafunzi "apeleke madaftari" nyumbani kwake jioni. Ukumbi ukawa kimya. Walimu wawili walikuwa wanatazama viatu vyao.

Ukija Desemba, shangazi yako amekubali kukaa nawe akueleze ya unyagoni yanayoelezeka. Kamera iache huko huko Dar, na kaka yako asikufuate.

Mama yako